Mapile Mapya Ni ya Habari

Mtu akiniuliza kama kuna faida kutoa pesa nyingi kwa apareyi ya muziki ya nyumbani, simjibu haraka. Wengi wanategemea mama mshonaji wa kambini kama mimi atasema ni upuuzi, kwamba redio ni redio. Sisemi hivyo, kwa sababu nimekaa mbele ya apareyi ya bei kali na nikasikia nilichosikia. Wala sisemi kwamba aliyetoa pesa atapata alichokwenda kutafuta. Nitaeleza ilivyokuwa, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Mume wangu aliimba besi katika korali yetu, kwetu upande wa Fizi, karibu na ziwa. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Akisalimia mtu nje ya mlango, vikombe vilivyokuwa juu ya meza vilitetemeka kidogo. Vita ya pili ya Kongo ilipotufikia, korali ilitawanyika. Mimi na dada yake mkubwa, ambaye namwita wifi mpaka leo, tulivuka ziwa pamoja na majirani, tukapita Tanzania, tukashuka mpaka kambi ya Dzaleka, Malawi. Mume wangu alibaki. Mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua na hakuweza safari. Alisema mama akipata nguvu watatufuata wote wawili.

Dzaleka tulikuta watu wa kwetu, tukaanzisha tena korali katika kanisa la matofali mabichi. Sauti za juu zilikuwa nyingi, maana waliokimbia wengi walikuwa wanawake. Besi hatukuwa nayo. Sasa kwetu tulikuwa na desturi ya zamani: wimbo ukitungwa kijiji kimoja, unafundishwa kijiji kingine kwa kaseti. Kila sauti inarekodiwa peke yake, watu wa kule wanajifunza moja moja, halafu wanaziunganisha. Tukamtuma mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akirudi ziwani amwambie mume wangu kwamba huku besi hakuna. Ilichukua muda mrefu, lakini kaseti ilifika. Alitusalimia kwa maneno machache, kisha akaimba besi ya wimbo aliotunga mwenyewe, beti zote, peke yake kama mtu anayetembea njiani.

Hatujamaliza kujifunza, habari nyingine ikafika. Kijiji kilivamiwa, yeye na mama yake hawakutoka. Hakuna kaburi mtu anaweza kunionyesha. Zaidi ya hapo sina la kusema, kwa sababu sikuona.

Ikabaki ile kaseti.

Redio ya kuichezea ilikuwa ya wifi, redio ndogo yenye mlango wa kaseti na mkono uliofungwa kwa waya. Tuliishi nyumba moja, na sheria ya nyumba ilikuwa ileile tuliyokulia nayo kwetu: mapile mapya ni ya habari. Pile ndiyo betri. Wifi akinunua mapile, yalikuwa ya kusikiliza habari za vita, asubuhi na jioni, basi. Kaseti inakula pile, alisema, na ni kweli, motere ya kaseti inakula kuliko redio. Mapile yakichoka, tunayaanika juani juu ya jiwe, yanaamka kidogo. Yakiamka kwa mara ya mwisho, kabla ya kutupwa, hapo ndipo yalikuwa yangu. Niliweka kaseti na kumsikiliza mume wangu kwa nguvu iliyobaki ndani ya mapile ya watu waliokwisha kusikia habari.

Sikulalamika. Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa na vumbi, kama mtu anayeimba nyuma ya blanketi, lakini ilikuwa yake. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Siku moja redio ilikamata utepe na kuutafuna. Niliutoa kwa vidole, nikaurudisha kwa kalamu ya biki, nikaona umekunjika pahali pa ubeti wa pili. Tangu siku hiyo kila nikibonyeza kitufe nilishikilia pumzi mpaka wimbo uishe.

Katika korali yetu, mwimbaji akifa, mke au mume aliyebaki haimbi mpaka kilio kifungwe. Anakaa benchi la nyuma, kinywa kimefungwa. Siku ya kufunga kilio korali inaimba wimbo wa marehemu na kuacha sauti yake wazi, hakuna anayeijaza. Wimbo ukiisha, mjane anasimama na kurudi mahali pake. Mimi nilikuwa alto. Nilikaa benchi la nyuma miaka, kwa sababu wazee walikuwa wakiuliza, tutafungaje kilio cha mtu ambaye hatujui amelala wapi? Mwishoni mchungaji alikubali kaseti iwekwe juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, isimame badala ya kaburi.

Hapo wifi akaleta wazo lake.

"Kwa nini tuache sauti yake wazi, na yeye mwenyewe iko pale?" alisema. "Aimbe. Korali imzunguke, aimbe mara ya mwisho na batu bake."

Wazo lilinigusa moyo. Nikasema, "Kwa redio yako?"

"Kwa hii? Hapana. Ndugu yangu hawezi kuimba kilio chake katika redio ya kufunga na waya. Banasema Lilongwe kuko baapareyi ya kweli. Ya bafle kubwa."

Yeye alikuwa na pesa za vitenge alivyovuka navyo ziwa na kuviuza. Hazikutosha, na alijua, na mimi nilijua. Kitu kingine cha thamani katika nyumba ile kilikuwa kimoja: cherehani yangu. Ndiyo iliyotulisha, sare za shule, mapazia, kufupisha suruali za mitumba. Wifi hakuitaja. Aliitazama tu, akaacha niseme mwenyewe. Nikasema.

Tulifika Lilongwe asubuhi kwa gari la mahindi, mimi nimebeba kichwa cha cherehani kimefungwa kwa chitenje, wifi amebeba kaseti kifuani ndani ya blauzi. Tulikwenda soko la Tsoka. Katikati ya wauza sufuria na maharage kulikuwa na kibanda cha mtu aliyeuza redio. Alikuwa akifuata bidhaa mpaka Mbeya, kwa hiyo Kiswahili alikijua kiasi cha kufanyia biashara.

"Amayi, karibuni! Mnataka ya kusikia au ya kusikilizwa?" akauliza, na vijana waliokuwa pale wakacheka.

Wifi hakucheka. "Ya kilio," alisema.

Mwuzaji akasema pole, na zikomo ya Kichewa, kisha biashara ikamrudia. Kwanza alituonyesha redio ya taa nyingi, nyepesi kama sanduku la mkate. Kisha akavuta turubai. Chini yake kulikuwa na apareyi nzito ya rangi nyeusi, ya kaseti peke yake, ampli ya kukuza sauti peke yake, na bafle mbili za mbao, ndizo spika, zilizonifika kiunoni. Alisema zilitoka katika nyumba ya mgeni aliyemaliza kazi na kwenda kwao.

"Ile ndogo inakuambia kuna mtu anaimba," alisema. "Hii inakuambia amekula nini."

Akaweka kaseti yake. Ngoma iliingia kifuani mwangu kabla sijaisikia masikioni. Wifi alishika blauzi pale kaseti ilipokuwa, kama mtu aliyesukumwa. Nilimtazama usoni nikaona amekwisha kununua.

Mwuzaji alifungua chitenje, akazungusha gurudumu la cherehani, akainama kusikiliza. Ilikuwa nyororo, niliitunza. Akasema ataipokea pamoja na pesa za wifi, na tuchukue vyote, hata nyaya.

"Kwanza nitapima," nilisema.

"Nini tena ya kupima?" wifi aliniuliza. "Hukusikia?"

"Nilisikia wimbo wake, sikusikia wetu. Mi sikati kitambaa mbele ya kupima."

Sikutaka kaseti yetu iingie katika apareyi iliyokaa sokoni na vumbi. Lakini nilijua mtaa wa Biwi kulikuwa na mtu wa Bukavu, mwalimu zamani kwao, sasa muuza mitumba na kiongozi wa korali ya kanisa letu la mjini. Sifa yake ilifika mpaka kambini: mtu aliyekula ugali wa nsima na majani ili anunue apareyi. Mwuzaji akakubali tuende, ila cherehani ibaki kwake, ili asiwauzie wengine apareyi ile. Na kama hatukurudi kabla ya kufunga, atampa apareyi mtu wa Kawale aliyekuwa akiiulizia, na cherehani tutaikuta siku nyingine.

"Siku gani nyingine?" niliuliza.

"Siku nyingine, amayi. Mimi si mwizi."

Sikusema ni mwizi. Lakini nilitembea mpaka Biwi kichwa kikiwa chepesi kuliko kawaida, na wepesi ule haukunifurahisha.

Mwalimu alitupokea vizuri. Sebule yake ilikuwa ndogo, viti viwili na mkeka, na bafle zimesimama pembeni zimefunikwa kwa vitambaa vya kusokota.

"Mukae, lakini musizisogelee sana," mke wake alisema akicheka. "Zile njo bibi yake wa kwanza. Mi niko wa pili."

"Bibi wa kwanza hasemi ovyo," mwalimu alimjibu. Kisha akatugeukia, "Sauti iko na bei yake, mama. Bantu banasema ni ufahari. Mi nilikuwa na redio ya kawaida, nikafikiri najua nyimbo. Sikuwa naijua hata moja."

Wifi alitoa kaseti kifuani, bado ina joto. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Nilimwambia kuhusu utepe uliokunjika. Hakutuharakisha. Alichukua pamba na spiriti, akapangusa ndani ya apareyi pale utepe unapopita, akasubiri pakauke, akazungusha kaseti kwa kidole kuona kama inakwenda. Nilitaka kusema tuache, turudi. Akaiweka, akafunga mlango taratibu, akabonyeza.

Kulikuwa kimya, kimya safi ambacho redio yetu haikuwahi kuwa nacho. Kisha mtu akatusalimia.

Hakuwa mume wangu.

Alikuwa kijana. Sauti nyembamba, ya haraka, kama mtu anayesalimia huku anakimbilia gari. Akataja majina yetu, langu na la wifi, akaanza kuimba. Maneno yalikuwa yaleyale. Kila neno lilisikika, hata ulimi ukigusa meno. Lakini ile haikuwa besi, ilikuwa sauti ya mwanaume yeyote.

Wifi alinigeukia.

"Huyu nani?"

Niliendelea kuzitazama bafle.

"Nakuuliza, huyu nani? Miaka yote hii tunalia nani?"

"Ni kaseti ileile, wifi. Ulikuwa nayo we mwenyewe, kifuani."

"Mi nilizoea kusikia habari tu. We njo ulikuwa unamusikiliza. We njo ulisema ni yeye!" Alisimama. "Yule mfanyabiashara alituletea mutu. Alituuzia mutu! Na we ukalia mutu wa bure!"

Mwalimu alinyoosha mkono azime, lakini nilimzuia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimezoea kutoikatiza kaseti ile njiani. Niliwaza, kama huyu si yeye, basi sauti ya yule niliyemsikia kambini ilikuwa ya nani? Na kama kaseti si ya kwake, habari ya kifo chake je, ilikuwa ya nani? Niliona tumaini linainua kichwa kama nyoka, na nililiogopa kuliko kifo chenyewe, maana kifo nilikuwa nimekizoea.

Kijana wa kwenye bafle alimaliza ubeti wa pili. Utepe ukapita pale ulipokunjika, sauti ikazama na kurudi. Kabla ya ubeti wa tatu kulikuwa na nafasi ya kupumua. Katika redio yetu nafasi ile ilikuwa mvumo tu. Sasa tulisikia kikohozi. Kirefu, chenye mluzi mwishoni. Kisha sauti ya mwanamke mzee, mbali, labda mlangoni:

"Mzee, uji unapoa."

Wifi alikaa chini, si kwenye kiti, kwenye sakafu.

Mume wangu alipewa jina la baba wa mama yake. Kwa hiyo mama yake hakuwahi kumwita mwanangu. Tangu akiwa mtoto wa kubebwa alimwita Mzee, na watu walicheka. Na kikohozi kile cha mama yake wifi alikuwa ameamka nacho na kulala nacho miaka mingi.

"Mama," wifi alisema. "Mama iko pale."

Mwalimu akasimamisha kaseti. Mke wake alitoka jikoni na kusimama na mwiko mkononi. Baadaye kidogo mwalimu akaniuliza kwa sauti ndogo, kama daktari.

"Kule banarekodi na nini? Na umeme?"

"Umeme wapi? Na mapile."

"Mapya?"

Nilitaka kusema sijui. Halafu nilijua. Niliona nyumba ya mama mkwe, redio juu ya kabati, na mama mkwe mwenyewe akipiga mikono ya watoto: mapile mapya ni ya habari! Wakati wa vita hakuna ambaye angepoteza mapile mapya kwa wimbo. Mume wangu aliyaanika juani kama sisi tulivyoyaanika, akarekodi kwa yaliyochoka.

"Mapile ya jua," nilisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. "Basi motere ilikuwa inajikokota. Kaseti ilimukamata polepole. Apareyi yangu inatembea mwendo wa haki, kwa hiyo inamukimbiza. Na kule kambini munamusikiliza na mapile ya jua, mwendo ni uleule wake. Hapa anakimbia, mama. Kule anatembea."

"Yako inaweza kwenda polepole?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Haiwezi hata ukiiomba. Hizi za bei zimefungwa kiwandani zisibadilishe mwendo hata kidogo. Hiyo njo kitu nililipia."

"Na ile ya sokoni?"

"Nimeiona. Ni ndugu ya hii."

Nikasikia amani, nakiri. Alikuwa yeye, na alikuwa amekufa, na sauti niliyoisikiliza miaka yote ilikuwa yake. Nilikuwa tayari kuondoka. Lakini wifi alikuwa amesimama tena.

"Twende tukalipe mbele hajafunga."

"Wifi. Umesikia mwalimu amesema nini?"

"Nimesikia mama yangu! Redio yangu haijaniambia siku hata moja kama mama iko mule ndani. Tunanunua."

"Kwa kufunga kilio tunamtaka yeye. Mule yeye hayumo."

"Kwako hayumo. Kwangu mama iko." Alinikazia macho. "We unataka bwana wako peke yako, njo maana."

Hilo lilinichoma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Apareyi ya bei ilimpa yeye mama yake, ikaninyima mimi mume wangu. Redio ya waya ilinipa mimi mume wangu, ikamficha yeye mama. Na katikati yetu ilikuwa cherehani, sokoni, kwa mtu asiyetujua, na jua lilikuwa limekwisha kuvuka upande wa pili wa paa.

Nikasema, "Mashine ni yangu, wifi. Siiuzi."

Mwalimu aliitoa kaseti, akasema nyumba iko wazi, siku yoyote mmoja wetu akija mjini aje asikilize, hatahitaji kubisha. Wifi alipokea kaseti bila kushukuru. Baadaye aliitumia ruhusa hiyo mara nyingi. Kila tulipokuja kununua uzi alipita Biwi, akakaa sakafuni mbele ya bafle, akasikia kwamba uji unapoa, akaondoka. Kwa hiyo siwezi kudharau pesa za mwalimu. Lakini siku ile hakukuwa na jema kati yetu. Tulifika Tsoka mwuzaji akifunga turubai. Alinirudishia cherehani, akasema, "Amayi, umeacha kitu kizuri." Nikamwambia najua.

Njia nzima wifi hakuniambia neno.

Siku zilizofuata ziliniogopesha. Kilio kilikuwa kimepangwa Jumapili, na redio ilikuwa yake. Asubuhi ile ya kwanza baada ya kurudi aliweka mapile mapya kabisa, akasikiliza habari. Habari zikaisha, hakuzima. Aliiacha iseme mchana mzima, Kichewa ambacho hakukielewa, matangazo ya mbolea, mpira. Mimi nashona, redio inasema. Kesho yake vilevile. Nikafikiri anayamaliza makusudi ili nisipate hata yale ya mwisho, kwamba anataka Jumapili meza iwe na kaseti bubu. Nilitaka kumwuliza, nikaona nikifungua kinywa nitasema mengi. Nikakanyaga cherehani.

Jirani alipita akatania, "Mama, leo unajifunza Kichewa?"

"Najifunza kunyamaza," wifi alimjibu. Nikajua maneno yale yalipita kwa jirani yakija kwangu.

Jumapili baada ya ibada watu hawakutoka. Meza iliwekwa katikati, kitambaa cheupe juu yake. Nilikaa benchi la nyuma. Wifi aliingia na redio yake, mkono wa waya vilevile, akaiweka mezani. Kisha alikuja mpaka kwangu, akafungua leso. Ndani yalikuwa mapile.

"Nimeyachosha," alisema. "Jana yalikuwa bado na haraka. Leo asubuhi nimejaribu salamu tu. Nafikiri amefika pale pake. Lakini mi sikumusikiliza kama we. Jaribu."

Nilikwenda mezani. Niliyaweka moja moja, nikabonyeza kwa salamu, kidogo tu. Alikuwa pale. Vikombe vya kwetu vingetetemeka. Nilimtazama wifi nikainamisha kichwa, naye akaita korali.

Redio ilikuwa ndogo, kwa hiyo hawakuweza kusimama kwa mistari. Waliizunguka meza, mabega yakigusana, na ilibidi waimbe chini sana wasimfunike. Sijawahi kusikia korali yetu ikiimba kwa hofu namna ile. Ubeti wa kwanza alikwenda vizuri. Ubeti wa pili, pale pa mkunjo, alizama, na watu wote walishikilia pumzi, akarudi. Katika nafasi ya kupumua nilisikia mvumo tu, na nilimwona wifi amefumba macho. Yeye alijua kilichokuwa ndani ya mvumo ule. Mimi pia.

Ubeti wa tatu mapile yakaanza kuisha.

Sauti ilianza kushuka. Polepole, nusu ya noti, kisha nusu nyingine, na mwendo ukawa mzito. Nilimwona kiongozi wa korali akigeuka kuwatazama waimbaji, hajui la kufanya. Soprano mmoja akasita. Kisha wifi, ambaye hakuwa mwimbaji, alishusha kiganja chake hewani, kama mtu anayemlaza mtoto, na korali ikaelewa. Wakamfuata. Aliposhuka walishuka, alipochelewa walichelewa, mpaka soprano waliimba mahali pa alto na alto mahali ambapo wanawake hawafiki, na yeye bado yuko chini yao, chini zaidi ya alivyowahi kuimba akiwa hai. Mstari wa mwisho haukufika mwisho. Gurudumu la kaseti lilisimama. Korali ikasimama nalo hapohapo, katikati ya neno.

Hakuna aliyemaliza wimbo ule, na hakuna aliyeona kwamba unadai kumalizwa. Nilitoka mbele ya meza nikaenda kusimama kati ya alto wawili, wakanisogezea nafasi.

Wifi alifungua redio. Alitoa mapile, akayapangusa moja moja kwa leso, akatembea mpaka dirishani palipokuwa na jua, akayapanga.